Njia ya Mbio Huanzia Mlangoni

Msikilizaji wangu wa Kimara, wa Mbagala, wa Gongo la Mboto, wa Kigamboni kule ng'ambo, na wewe uliyekwama kwenye foleni ya Mwenge ukisubiri taa ziwake kijani, karibu tuzungumze.

Leo ni mbio. Nimeulizwa swali moja mara nyingi sana tangu Septemba 2025, pale Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya marathoni kutoka mashindano ya dunia ya Tokyo. Mnaukumbuka mwisho ule? Wameingia uwanjani, yeye na Mjerumani Amanal Petros, bega kwa bega, wote wamepewa muda uleule, saa mbili, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua. Baada ya siku ile, watu ambao walikuwa hawajakimbia tangu mchakamchaka wa shule ya msingi wakaenda kununua raba. Sasa wanaitazama Kilimanjaro Marathon pale Moshi, inayokimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, nao wananiuliza: mimi niko Dar es Salaam, magari haya, joto hili, mitaro hii, nitakimbilia wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba nenda Coco Beach, nenda Masaki. Ni kweli, kule kunakimbilika. Barabara ina miti, bahari iko pembeni, magari ya alfajiri ni machache. Lakini hebu tufikirie pamoja. Mazoezi ya marathoni ni siku nne, tano katika wiki, kwa miezi mitatu au minne. Wewe unaishi Mbagala Rangi Tatu. Ili uanze kukimbia Coco Beach gizani, unatakiwa upande daladala usiku wa manane. Ukimaliza, upande tena urudi, uoge, uvae, uwahi kazini. Utaweza kwa wiki ngapi? Mtu huyu akiacha mazoezi, tutasema amekosa bidii. Mimi nasema alipewa njia isiyo yake.

Kwa hiyo nina jambo moja leo, na nitalirudia ili hata aliyechelewa kuwasha redio alipate: njia nzuri ya kukimbia huanzia mlangoni kwako. Mara moja kwa wiki, siku ya mbio ndefu, hapo sawa, safiri. Siku nyingine zote, funga kamba za raba, fungua geti, anza.

Utaniambia, "Kwetu hakuna njia." Umeitafuta saa ngapi? Ndiyo, nauliza saa ngapi. Kwa sababu mtaa wa saa kumi na moja na nusu alfajiri na mtaa wa saa moja asubuhi ni mitaa miwili tofauti. Saa moja asubuhi kuna daladala zinagombea abiria, bodaboda wanapita juu ya njia ya waenda kwa miguu, watoto wanakimbilia shule, moshi, honi, vumbi. Rudi nyuma saa moja na nusu tu. Watu wanatoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, wanatembea wawili wawili. Mama wa vitumbua ameshawasha moto. Muuza kahawa yupo na birika lake. Vijana wa bodaboda wamekaa kituoni wanasubiri abiria wa kwanza. Barabara iko wazi na wakati huohuo ina watu. Hayo mawili ndiyo mkimbiaji anayoyatafuta yakutane: magari yawe machache, watu wawepo. Njia tupu kabisa, isiyo na mtu, nakushauri uiache, hata kama lami yake inang'aa.

Basi, kabla ya kuikimbia njia, itembee. Itembee saa ileile utakayoikimbia. Ukiikagua Jumamosi saa kumi jioni, umekagua njia nyingine. Tembea alfajiri uone taa zinawaka wapi na zimekufa wapi. Uone mtaro upi hauna mfuniko. Hili nalisisitiza kwa uchungu, msikilizaji, maana mifuniko ya mitaro yetu huibiwa, huvunjika, na mashimo hukaa wazi miezi na miezi. Kwenye giza shimo halionekani, na mguu ukiingia mle, Moshi utaisikia redioni. Uone pia mbwa wanafunguliwa wapi. Mitaa mingi yenye mageti huachia mbwa usiku na kuwafunga kukipambazuka. Ukikutana na mbwa, usimkimbie. Simama, tembea taratibu, mpite. Na walinzi wa mageti hayo wasalimie. "Shikamoo mzee," "Habari za lindo." Siku ya tatu wanakujua. Siku ya kumi, usipopita wanauliza uko wapi. Ulinzi huo haununuliwi dukani.

Je, ukimbie upande gani wa barabara? Kulia, msikilizaji. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo ukikaa kulia unayaona yanapokuja. Ukikaa kushoto, gari linakuja mgongoni na uhai wako uko mikononi mwa dereva ambaye pengine amelala saa tatu tu usiku kucha. Vaa nguo nyeupe au yenye vitambaa vinavyong'aa ikimulikwa taa. Vitu vya masikioni viache nyumbani kukiwa na giza. Bodaboda asiye na taa utamsikia kabla hujamwona. Halafu kuna hili la barabara za mwendokasi. Nawaona watu wanakimbia ndani ya njia ya mabasi kwa sababu ni laini na imenyooka. Tafadhali, msifanye hivyo. Basi lile ni zito, linakwenda kasi, na dereva wake hatarajii mtu. Pembeni ya njia hizo, Barabara ya Morogoro na sasa Barabara ya Kilwa, mmewekewa njia pana ya waenda kwa miguu. Mchana imejaa meza za biashara. Alfajiri ni yenu.

Mwingine atasema, "Mtaa wetu ni mfupi, nikitoka tu nakutana na barabara kuu." Sawa. Zunguka. Kuna dhana kwamba mbio za kweli lazima ziende mbali, na hiyo si kweli hata kidogo. Uwanja wa mpira wa shule ukiuzunguka pembeni ya mistari yake ni kama mita 350. Mizunguko mitatu, umepita kilomita moja. Udongo wake ni laini kuliko lami, magoti yanashukuru, chupa yako ya maji iko pale golini, na ukisikia tumbo linakukataa nyumba iko karibu. Badilisha mwelekeo kila baada ya mizunguko kadhaa ili mguu mmoja usibebe kona zote. Huna saa ya kupimia umbali? Mwombe kijana wa bodaboda wa mtaani akupimie mzunguko wako kwa mita ya pikipiki yake. Au kimbia kwa muda tu: leo dakika 40, keshokutwa dakika 60. Mwili hauhesabu kilomita, unahesabu kazi.

Sasa niwataje watu ambao wanajua njia za jiji hili kuliko mtu yeyote, na sioni wakiulizwa. Vikundi vya jogingi. Nenda Temeke, nenda Mbagala, nenda Kinondoni, nenda Buguruni, Jumapili alfajiri. Utawasikia kabla hujawaona. Wamevaa fulana za sare, kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, mbele na nyuma kuna watu wa kuzuia magari. Kuna mama mwenye wajukuu, kuna fundi gereji, kuna mwanafunzi. Hawa wanajua mtaa gani una kibaka na kona gani ilimulikwa taa mwezi uliopita. Wanajua mvua za vuli zikinyesha bonde gani halipitiki. Jangwani, kwa mfano, kila mtu wa jiji hili anajua Mto Msimbazi unavyofanya. Huhitaji kuhamia kwenye kikundi kama ratiba yako ni tofauti. Kimbia nao Jumapili mbili, tatu, uliza maswali, sikiliza. Kasi yao ya kuimba ni kasi nzuri mno kwa siku nyepesi za mazoezi: ukiweza kuitikia wimbo huku unakimbia, unakwenda sawasawa. Ukishindwa, punguza mwendo.

Na hapa nataka niongee na dada zangu, na zaidi niongee na sisi wanaume. Mwanamke anapotafuta njia ya kukimbia jijini, hesabu yake ni ndefu kuliko ya kwangu. Anafikiria giza, anafikiria maneno atakayotupiwa pale kijiweni, anafikiria nani atamfuata. Wengi wanaacha, na tunapoteza wakimbiaji. Dada, kimbia na mwenzako au kikundi, mwambie mtu nyumbani unapita wapi na unarudi saa ngapi, badilisha njia usizoeleke. Haya unayajua tayari, nadhani kuliko mimi. Lakini kijana wa kijiweni, wewe unayenisikiliza: dada akipita anakimbia, neno linalofaa ni "hongera" au ukimya. Njia anayoikimbia dada yako bila hofu, hiyo ndiyo njia nzuri kwa sote. Mimi naipima mitaa kwa kipimo hicho.

Tumalize mtaani, twende Moshi kidogo. Kwa nini Moshi? Kwa sababu njia ya mazoezi lazima ifanane na njia ya mashindano. Moshi mjini ni zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na njia ya mbio ile inapanda kuelekea Mweka, kwenye miguu ya Mlima Kilimanjaro, kisha inashuka kurudi mjini. Mtu aliyefanya mazoezi yake yote Masaki, kwenye tambarare, atakipanda kile kilima kwa machozi. Na kushuka je? Wengi wanadhani kushuka ni mapumziko. Kushuka kunaumiza mapaja kuliko kupanda, kwa sababu kila hatua misuli inafanya kazi ya breki. Mapaja yasiyofundishwa kushuka yanakufa kabla ya mstari wa mwisho.

Sasa tazameni jambo la kupendeza. Vilima vya Dar es Salaam viko wapi? Viko Kimara. Viko Mbezi na Kibamba. Viko Goba, barabara inapanda na kuteremka mpaka unasahau kama uko mji wa pwani. Viko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako tunapaita Mlimani na panastahili jina: barabara za lami zenye vivuli vya miti mikubwa, tumbili wanakutazama, magari ni machache asubuhi. Viko Pugu, pale Gongo la Mboto inapoishia na barabara ya Kisarawe inapoanza kuparamia. Yaani mkazi wa Gongo la Mboto, ambaye anaambiwa kila siku kwamba njia za kukimbia ziko Oysterbay, ana kilima cha kumwandaa kwa Mweka karibu na kwake kuliko mkazi wa Oysterbay. Mlangoni kwako, nilisema. Tafuta kilima kimoja kisichokutisha sana, kinachokuchukua dakika mbili au tatu kukipanda. Mara moja kwa wiki kipande, kishuke taratibu, kipande tena. Anza na mara nne. Ongeza mdogo mdogo.

Imebaki siku ya mbio ndefu. Siku hii ndiyo nilisema unaweza kusafiri, nami nitakaa hapa kidogo maana ndipo wengi wanapoumia.

Kama mashindano ni mwisho wa Februari, mbio zako ndefu kabisa zinaangukia Januari na mwanzo wa Februari. Hiyo ndiyo miezi ya joto kali la Dar, nyuzi 31, 32 mchana, na hewa imejaa unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki, linachuruzika tu, na mwili unazidi kuchemka. Kwa hiyo njia ya siku hii uichague kwa vitu vitatu: kivuli, upepo na maji. Na uianze mapema mno. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro kidogo na saa moja kasoro mwaka mzima. Mbio za muda wa saa tatu ukizianza saa kumi na moja alfajiri, unamaliza saa mbili asubuhi, na ile saa ya mwisho ni ya jua tupu. Itafutie miti au upepo.

Njia ninayoipenda kwa siku hii ni ya pwani, Jumapili. Shuka mwisho wa daladala Masaki, au uletwe. Fuata Toure Drive bahari ikiwa kushoto kwako, pita Coco Beach, ingia Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, lina karibu kilomita moja juu ya maji na njia za waenda kwa miguu. Tokea Hospitali ya Aga Khan, endelea na Barabara ya Barack Obama, ambayo wengi wetu bado tunaiita Ocean Road, mpaka upande wa Kivukoni. Kisha geuka, rudi ulikotoka. Katikati ya jiji Jumapili alfajiri pametulia, huwezi kuamini ni Posta ileile ya Jumatatu.

Kwa nini nimekuanzishia Masaki, nisikuanzishie Kivukoni? Upepo. Desemba mpaka Machi ni kaskazi. Ukienda mjini kwanza, upepo uko mgongoni wakati bado ni giza na kuna ubaridi kidogo. Unaporudi jua limeshatoka, na upepo unakupiga usoni, unakausha jasho. Makocha wengi watakwambia anza na upepo wa mbele ili umalize kwa kusukumwa. Kwenye nchi za baridi wana haki. Hapa kwetu upepo wa mgongoni wakati wa jua ni mateso: unakwenda nao sawa, huusikii kabisa, unabaki unachemka. Mpe kaskazi nafasi yake mwishoni. Na lile daraja halina kivuli hata cha kichaka, kwa hiyo lipite mara ya pili ukiwa umeshakunywa maji upande wa pili.

Maji yenyewe beba chupa ndogo, na noti ya elfu mbili kwenye soksi au mfuko wa kaptula. Ukikagua njia wakati wa kuitembea, uliza duka gani hufunguliwa alfajiri. Kunywa kabla ya kiu.

Mchangani je? Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, watu wanapenda ufukwe. Kimbieni, lakini ulizeni wavuvi kwanza. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari kwetu hujaa alfajiri na hupwa sana asubuhi ya saa nne hivi. Ukifika saa kumi na moja unakuta maji yamefika kwenye kuta, umebakiwa na mchanga tifutifu wa juu unaovuta kifundo cha mguu. Na ufukwe umeinama: mguu mmoja uko chini, mwingine juu. Dakika 30 zinatosha, nenda na urudi ili kila mguu upate zamu. Kilomita 30 za mchanga usijaribu.

Kabla sijafunga, kuna jambo ambalo lazima tuliseme kama wakazi. Pale Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake waliupigania Msitu wa Karura usigawiwe kwa wajenzi, wakapigwa, hawakurudi nyuma. Leo wakazi wa Nairobi wanakimbia chini ya miti ile. Njia zile zipo kwa sababu kuna watu waliozitetea. Na sisi? Maeneo ya wazi ya mitaa yetu, kile kiwanja ambacho watoto wanacheza na wewe unazunguka alfajiri, kina hati ya nani? Mkutano wa serikali ya mtaa ukiitishwa, nenda. Uliza kuhusu kiwanja. Uliza taa zitawaka lini. Taja mtaro usio na mfuniko, sema uko mbele ya nyumba ipi, na usiondoke mpaka mtendaji ameandika. Aliye kwenye kiti cha magurudumu, mama aliyebeba mtoto, mzee anayekwenda swala, wote wanapita pale unapopita wewe na raba zako.

Basi, kesho alfajiri kuna mtu mmoja anayenisikiliza atakwenda kuutembea mtaa wake kabla ya kuukimbia. Ukifanya hivyo, tutumie ujumbe hapa studio: njia inaanzia wapi, inapita wapi, ina taa au haina, ina kilima au ni tambarare. Tutazisoma wiki ijayo, mtaa kwa mtaa, ili wa Tandika amsikie wa Tandika mwenzake. Na tukimaliza hapo tutaingia kwenye viatu.